Halmashauri zina mifumo kila kona, mbona huduma hazifanani na takwimu?

#1 Kibao Kata

Wakuu salaam. Nina hoja, na naomba isigeuzwe ya vyama.

Tanzania Bara ina halmashauri 184. Chukua yoyote uhesabu mifumo: PlanRep ya kupanga bajeti, FFARS ya hesabu za zahanati na shule, MUSE ya malipo, Tausi ya mapato, NeST ya manunuzi, DHIS2 ya takwimu za afya, GoTHOMIS ya kumbukumbu za wagonjwa hospitalini, PEPMIS ya kumpima mtumishi mmoja mmoja. Juu yake weka mashine za posi kwa wakusanya ushuru na kontroo namba za GePG, ule mfumo wa kulipia serikali. Tangu uhuru serikali za mitaa hazijawahi kujijua kwa undani kama zinavyojijua leo.

Sasa shuka kwa mwananchi. Kwenye kata yetu kisima kimekufa tangu mwaka juzi na kila anayetakiwa kujua anajua. Zahanati inatoa karatasi ya kwenda kununua dawa duka la mbele. Taarifa zote ziko kwenye mfumo, ukiuliza unaambiwa "ipo kwenye mfumo" kana kwamba hayo ndiyo majibu.

Dai langu: data zinapanda vizuri sana, kushuka hazishuki. Zimewekwa ili Dodoma iione halmashauri. Halmashauri kujiona yenyewe, au mwanakijiji kuiona, hakuna aliyefikiria. Nani anabisha?

#2 Ngoja Waje

Nimekaa pale. Wataalamu watafika.

#3 Karani Mstaafu

Mimi nabisha, kijana wangu.

Nyie hamkuzikuta enzi za vitabu vya stakabadhi. Mkusanya ushuru wa mazao anakata risiti ya mfanyabiashara, shilingi elfu kumi. Karatasi ya kaboni anaichomoa, kisha nakala inayobaki kitabuni anaiandika peke yake: elfu moja. Mwisho wa mwezi mweka hazina anajumlisha nakala, hesabu zinakubali mpaka senti ya mwisho. Mkaguzi anakuja, anakuta kitabu safi, anakunywa soda anaondoka. Kitabu kingine hakikuwahi hata kusajiliwa, kilichapishwa uchochoroni.

Ilipokuja GePG mwaka 2017, pesa ya serikali ikawa na namba yake na inaingia benki au kwenye simu bila kupita mfukoni mwa mtu. Wapo walioomba kuhama idara, na mimi niliwasainia barua.

Kwa hiyo unaposema mifumo haijafanya kitu, unapima kwa dawa na kisima. Kazi ya kwanza ya mfumo wa mapato ilikuwa kuziba tundu. Tundu limezibwa.

#4 Ngosha Mkavu

Shikamoo mzee. Limezibwa au limehamishwa?

Soma ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuhusu serikali za mitaa, hakuna mwaka zinakosekana hoja mbili: mashine za posi kutokuwa hewani, na fedha zilizokusanywa kwa posi kutopelekwa benki. Mashine ikiwa nje ya mtandao inaendelea kukata risiti, mwenye mashine anatembea na pesa, mfumo unabaki unasubiri. Akipekuliwa anasema mtandao ulisumbua. Wengine wanaonekana kabisa kwenye orodha ya wadaiwa, jina na kiasi, na bado wanakusanya.

Hapo data zipo. Mwenye kuchukua hatua ndiye hayupo.

#5 Karani Mstaafu

Marahaba. Ila tofauti ni kwamba leo unamjua jina na kiasi. Zamani tulikuwa tunamnunulia soda.

#6 Nesi wa Zamu

Mimi ni muuguzi wa zahanati, nitasema ninachokishika kwa mikono yangu.

Takwimu zetu zinaanzia kwenye vitabu vya MTUHA. Namba 5 wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito, namba 12 wazazi, na kuendelea. Mgonjwa mmoja wa homa anaandikwa kitabuni, anapigiwa kijiti kwenye karatasi ya kuhesabia, anajumlishwa kwenye fomu ya mwezi ambayo wilayani wanaitaka ifikapo tarehe 7, halafu ndiyo anaingia DHIS2. Sasa zamu iko na watu wawili na foleni ya kliniki imefika mlangoni. Mnadhani tarehe 6 usiku kinafanyika nini? Hakuna aliyekaa akapanga kudanganya. Mtu anaangalia mwezi uliopita ulikuwaje, anaandika mwezi unaofanana nao. Ndiyo maana ukichora grafu ya vituo vingine inanyooka kuliko rula.

Lakini mleta mada, kusema hazishuki kabisa si haki. Nina mifano miwili.

Nyota. Mwaka 2015/16 vituo vya afya ya msingi karibu 7,000 vilipitiwa na kupewa nyota kuanzia sifuri mpaka tano. Takriban theluthi moja vilipata sifuri. Ilipofika 2017/18 vikapimwa tena, waliobaki na sifuri wakawa wachache sana. Sisi hatukusukumwa na nyota yenyewe, hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza nina nyota ngapi. Kilichotusukuma ni ile orodha ya mapungufu tuliyoachiwa mezani: kichomea taka hakuna, mihtasari ya kamati ya kituo haina saini, chumba cha kujifungulia hakina pazia. Vitu vya kufanyika wiki hiyohiyo.

La pili ni hela. Kuanzia 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinakuja moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na tunazitolea hesabu kwenye FFARS. Kabla ya hapo zilikuwa wilayani, sisi tunaomba kama watoto. Takwimu niliyoijaza ilipokuwa na pesa ndani yake, ambayo nitaitumia mimi kununua glavu, niliijaza vizuri. Hakuna aliyenifundisha umuhimu wa data, nilizihitaji.

#7 Fundi Mita

Dada, hapo umejijibu. Ni hela zilizoleta glavu. Ungepewa hela bila FFARS glavu zingekuja. Ungepewa FFARS bila hela ungekuwa unajaza sifuri kwa uzuri. Tusiupe mfumo sifa za pesa.

#8 Nesi wa Zamu

Na nani angekubali kutuma pesa kwenye maelfu ya akaunti za zahanati bila kuona zimetumikaje? Zilishikwa wilayani miaka yote kwa hoja hiyohiyo, kwamba nesi hawezi hesabu.

#9 Mtaa wa Saba

Hizi DHIS2 na FFARS zote si miradi ya Wamarekani? Wenyewe wamefunga USAID, shirika lao la misaada, subirini muone kama zitawaka.

#10 Bwana Kebo

Mkuu #9, umezichanganya. DHIS ilianza Afrika Kusini miaka ya 1990 baada ya ubaguzi wa rangi, na inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo ndani yake miaka mingi, na kufikia mwisho wa 2013 wilaya zote zilikuwa zinaitumia. Haina leseni ya kulipia, mtu yeyote anaipakua. Iliyokuwa na mkono wa Wamarekani, kupitia mradi wa PS3, ni PlanRep ya kwenye wavuti na FFARS, zilizozinduliwa Dodoma Septemba 2017. Nazo sava ziko kwetu.

Tatizo langu mimi kama mtu wa TEHAMA ni lingine: mifumo haisalimiani. Kila wizara ilikuja na wake, kila mfadhili na wake, kila mmoja una orodha yake ya vituo na tahajia yake ya majina ya vijiji. Afisa mmoja wa wilaya anaandika namba ileile mara tatu kwenye skrini tatu, na zikitofautiana anaulizwa yeye. Miaka ya karibuni wameanza kuziunganisha, na kuna nafuu, lakini nendeni mkamuulize afisa mipango ana nywila ngapi. Ameziandika kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Hilo nalo ni suala la usalama, ila tuliache.

#11 Mtaa wa Saba

Basi sawa, Wanorwe. Bado si wetu.

#12 Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu, na nimeuona mchezo wa kupimwa tangu BRN. Mnaikumbuka Matokeo Makubwa Sasa ya 2013, iliyochukuliwa Malaysia? Shule zikapangwa kitaifa na kiwilaya, na rangi zake: kijani, njano, nyekundu. Mwalimu mkuu wa shule nyekundu alikuwa akiingia kwenye kikao cha wilaya anatafuta kiti cha nyuma.

Je, ilisaidia? Kuna watafiti, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, walizifuatilia zile takwimu. Wakakuta shule zilizokuwa mkiani ndani ya wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli. Na wakakuta kitu cha pili: zilezile zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani wa darasa la saba. Mtoto mzito hakufundishwa, aliondolewa kwenye hesabu. Ukisoma asilimia unashangilia. Ukihesabu vichwa unakaa chini.

Nadharia yangu basi siyo ya #1 wala ya #10. Namba ikishakuwa fimbo, anayepigwa nayo anajifunza kuikwepa. Januari 2023 NECTA, baraza la mitihani, wakaacha kutangaza shule kumi bora, na wengi walilalamika. Mimi nilipumua.

#13 Fundi Mita

Kwa hiyo tusipime, tuishi kwa imani?

#14 Chaki Nyeupe

Pima. Ila usiniwekee rangi usoni halafu uniulize kwa nini nimejipaka poda.

#15 Mbeba Boksi

Salaam wakuu, naandika toka Maryland.

Huku jirani yangu ni Baltimore, mji ambao watu wa mambo haya wanautaja sana. Meya Martin O'Malley aliingia mwishoni mwa 1999, na mwaka 2000 akaanzisha CitiStat. Aliichukua toka kwa polisi wa New York, waliokuwa na CompStat tangu 1994. Sasa sikilizeni sehemu ambayo watu wanairuka: programu yenyewe haikuwa kitu. Ilikuwa Excel, ramani za kompyuta na PowerPoint. Kitu kilikuwa kikao. Kila wiki mbili mkuu wa idara anasimama mbele, namba zake ziko ukutani, meya au naibu wake na maafisa wa fedha wanamhoji. Mbona saa za ziada zimepanda? Mbona watoro wengi Jumatatu? Wiki mbili baadaye anarudi, wanaanzia pale walipoachia.

Walianza na utoro na malipo ya saa za ziada, na mwaka wa kwanza walihesabu kuokoa dola milioni 13 hivi. Baadaye ukapiga simu 311 kuripoti shimo barabarani, mji umeahidi kulifukia ndani ya saa 48. Mwaka 2004 Harvard wakawapa tuzo.

Tuna mifumo kumi huko nyumbani. Kikao cha aina hiyo tunacho kimoja?

#16 Ngosha Mkavu

Tunavyo vikao hadi vya kupanga vikao, mkuu. Chai ya saa nne iko kwenye bajeti.

#17 Karani Mstaafu

Mbeba Boksi amesema jambo zuri lakini ameruka ukuta mmoja. Meya wa Baltimore alikuwa na uwezo wa kumfukuza mtu aliyesimama mbele yake. Hapa mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, wakuu wa idara anaweza kuletewa na kuondolewa, na baraza la madiwani likikasirika sana linaunda kamati.

Na kijana wa #1, kisima chako si cha halmashauri. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako RUWASA, wakala ulio chini ya Wizara ya Maji. Barabara zilihamia TARURA, wakala mwingine, mwaka 2017. Kwa hiyo hata mkurugenzi akiitisha kikao cha Baltimore kila wiki mbili, mtu wa kisima atakuja kama mgeni mwalikwa, akipenda.

#18 Kibao Kata

Mzee, umeniongezea hoja. Mwananchi anamwona mtendaji wa kijiji mmoja tu, hajui RUWASA wala TARURA. Kama mifumo ingekuwa kwa ajili yake, angeripoti sehemu moja na kisima kingemfuata mwenyewe mwenye kisima.

#19 Kata Maji

Hilo la kuripoti lilijaribiwa, na likashindwa vibaya, na nashangaa halijatajwa.

Kwanza Wizara ya Maji iliviweka vituo vyote vya maji vijijini kwenye ramani, mwanzoni mwa miaka ya 2010, zaidi ya 70,000. Sehemu kubwa sana vilikutwa havitoi maji. Data nzuri, zilikuwa wazi, ungeweza kuzipakua. Tatizo ni kwamba bomba linakufa kesho yake na ramani haijui.

Shirika la Daraja likaja na Maji Matone: mwananchi atume ujumbe mfupi bomba likiharibika, taarifa iende kwa mhandisi wa wilaya, na redio nazo zitangaze. Walitarajia maelfu ya ujumbe. Waliopata ni kama hamsini. Nawapa heshima, walisimama hadharani wakasema tumeshindwa na hii ndiyo sababu, jambo ambalo miradi mingi haifanyi.

Sababu zilizotajwa ni nyingi. Mtandao hafifu. Wachotaji maji wengi ni wanawake na watoto, na simu iko kwa baba. Watu kuogopa kuonekana wanamsema mwenyekiti. Mimi naamini zaidi hii: watu walishawahi kuripoti kwa mdomo, hawakuona kitu, sasa kwa nini watoe shilingi zao kuripoti tena kwa kidole?

#20 Nesi wa Zamu

Hiyo ya simu iko kwa baba nakubaliana nayo asilimia zote. Hata namba tunazoandika kwenye kadi ya kliniki nyingi ni za waume. Ukipiga kukumbusha tarehe, anajibu yeye, ujumbe unaishia hapo.

#21 Msafiri wa Namanga

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nyinyi Wabongo mnapenda kujilaumu, niwaambie ya kwetu.

Kenya ilianza kandarasi za utendakazi 2004 na mashirika 16 ya serikali, kisha zikaenea wizarani na kwenye mabaraza ya miji ya wakati huo. Shida ilikuwa kwamba afisa hujadili shabaha zake mwenyewe. Hakuna anayejipangia mlima ilhali anaweza kujipangia kichuguu. Mwisho wa mwaka wote wamepita, na takataka bado ziko sokoni.

Tangu 2013 tuko na kaunti 47. Kitu kimoja ambacho kimesaidia kiasi si programu. Msimamizi wa Bajeti huchapisha kila robo mwaka kaunti gani imekusanya mapato yake ya ndani kiasi gani na imetumia ngapi kwa maendeleo. Magazeti huzipanga mstari, na gavana wa mkiani hupata wiki mbaya. Aibu ya jirani kukushinda inafanya kazi kuliko barua ya kutoka Nairobi.

#22 Fundi Mita

CAG wetu naye anachapisha. Aprili yote tunashangilia na kulaani, Mei tunarudi kwenye mpira.

#23 Msafiri wa Namanga

CAG anakuja baada ya mwaka kwisha, bwana. Mimi nimesema kila robo, pesa ikiwa bado inatumika.

#24 Chaki Nyeupe

Na aibu hiyo ndiyo iliyowaondoa watoto wangu kwenye chumba cha mtihani, #12 someni tena. Hata huko kwa Mbeba Boksi: makamanda wastaafu wa polisi wa New York waliohojiwa walieleza shinikizo la kushusha makosa, wizi mkubwa uandikwe mdogo, ili kikao kipite.

#25 Mbeba Boksi

Kweli, hilo linasemwa sana, ingawa uhalifu wenyewe ulishuka hata kwa vipimo vingine. Na Baltimore nako, O'Malley alipokwenda kuwa gavana 2007, moto ulipungua. Kikao kilikuwa cha mtu aliyekitaka.

#26 Bwana Kebo

Hapo ndipo ninapoitetea programu. Mtu anaondoka, mfumo unabaki. GePG imeona mawaziri wa fedha zaidi ya mmoja na bado kontroo namba inatoka.

#27 Karani Mstaafu

Inatoka kwa sababu bila hiyo serikali haipati hela. Mfumo wowote unaoleta pesa utatunzwa. Hebu nitajie unaopokea malalamiko na uliotunzwa hivyohivyo.

#28 Bwana Kebo

e-Mrejesho ipo mzee, unatuma kwa simu unafuatilia.

#29 Karani Mstaafu

Ipo. Nimeuliza kutunzwa.

#30 Kata Maji

Mnasahau njia isiyohitaji umeme. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Hiyo ndiyo CitiStat ya kijiji, ina miaka zaidi ya arobaini. Mkutano wa kwetu unaahirishwa kwa akidi kila mara, ila siku ya mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri uwanja haukutosha.

#31 Ngosha Mkavu

Kwa sababu siku hiyo kulikuwa na data zenye pesa ndani, kama alivyosema nesi. Dada nesi apewe uwaziri.

#32 Nesi wa Zamu

Nipeni kwanza mtu wa tatu kwenye zamu.

#33 Chaki Nyeupe

PEPMIS hamjaigusa, mmeitaja tu #1. Imechukua nafasi ya OPRAS, ile ya makaratasi ambayo tulikuwa tunanakiliana kuanzia 2004. Sasa kila mtumishi anaweka kazi zake kwenye mfumo, anajaza maendeleo, msimamizi anathibitisha, na kupanda daraja kunaangalia humo. Wazo si baya: mwalimu wa kijijini anayefundisha kweli angalau anaonekana. Ila njooni muone watu wanavyochagua kazi. "Kuandaa azimio la kazi", asilimia mia. "Kuandaa andalio la somo", asilimia mia. "Watoto wa darasa la tatu wajue kusoma", hiyo hakuna anayeiandika, maana ikifeli ni ya kwako. Mwenzetu wa Namanga ameita kichuguu, na sisi kijijini kichuguu tunacho kweli, ndiko tunakopanda kutafuta mtandao wa kujazia.

#34 Ngoja Waje

Samahani kuwatoa kwenye reli. Leseni ya biashara siku hizi inaombwa Tausi au bado dirishani? Nafungua duka la vipuri.

#35 Bwana Kebo

Tausi, mkuu. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, uwe na TIN, unajaza, ukikubaliwa unapata kontroo namba unalipa kwa simu. Leseni unaichapisha mwenyewe.

#36 Ngoja Waje

Shukrani. Na jina la mtaa wangu halipo kwenye orodha, nichague upi?

#37 Bwana Kebo

Nenda kwa afisa biashara akuingizie. Usichague wa jirani, utakuja kudaiwa kodi ya huduma ya kule.